Barua ya Theluji Aliyoipokea Bibi Hosiyat

…kaipokea, Babu! Kwa mkono wake mwenyewe, wa kulia, mchana kweupe, na mimi nimesimama pale mdomo wazi kama bata.

Ngoja, nimekurupuka. Mama kachungulia begani kwangu, kasema kumbukumbu haianzwi hivyo, watu wa kundi la mtaa wataisoma kwenye simu zao waseme mjukuu wa fundi Nazrulloh chuo kimemharibu. Haya, naanza kwa adabu.

Kesho unatimia mwaka, Babu yetu, tangu asubuhi ile ulipoweka kikombe cha chai chini, ukasema umechoka kidogo, ukajilaza, na hukuamka. Chai ilikuwa bado ya moto. Bibi aliifunika na kisahani ili isipoe, maana alijua utaimalizia.

Nusu ya mji wetu wa Istaravshan bado inakata karoti kwa visu ulivyovifua. Wajane wa mtaa uliwanolea bure, na wakileta sukari kwa kushukuru ulikuwa ukisema jiwe la kunolea ndilo linapaswa kuwalipa wao, maana limepata mazoezi. Hukuwahi kumpa mtu kisu ukimwelekezea ncha. Redio ikisema habari za asubuhi, uliijibu: nzuri, za kwako. Lozi ulivunja kwa mpini wa kisu, nzuri ukamwekea Bibi kwenye sahani yake, ukabaki kutafuna zile chungu na kudai eti ndizo zenye ladha.

Na baridi ikiingia ulikuwa mtoto mdogo. Wewe ndiye uliyefunua lile shimo la sebuleni ukalijaza makaa, ukaweka meza fupi juu yake na blanketi kubwa la pamba juu ya meza, halafu ukatuita sote tuingize miguu. Siku arobaini za baridi kali tuliishi hapo. Nilijifunzia kusoma hapo. Mama alifuma hapo, Baba akirudi kutoka Urusi alilala hapohapo kichwa kwenye mto, na sambusa za boga zilifika zikiwa bado zinachoma vidole.

Lakini siku yako hasa ilikuwa ya theluji ya kwanza. Watu wa mtaa wetu hawahitaji kuelezwa, ila naandika kwa ajili ya walio mbali. Theluji ya kwanza ikianguka unaandika barua ya theluji. Unaandika unachodai, unaikunja, unaipeleka nyumba ya mtu na kumpa mkononi bila yeye kushtuka. Akiipokea na wewe ukawahi kutoka nje ya geti, kashikwa, na kilichoandikwa lazima akitimize. Akikukamata kabla ya geti, umeshikwa wewe: unapakwa masizi usoni na karamu inakuwa juu yako. Hakuna anayekataa. Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe ulimfichia barua ndani ya ala ya kisu alichokuja kuchukua, na kondoo alichinja huku akikutukana kwa mapenzi yote.

Uliwashika wote, Babu. Mtu mmoja tu hukumweza, tena mnalala chumba kimoja. Miaka arobaini na nane. Ulimfichia barua ndani ya mkate, ndani ya soksi ulizomwomba akushonee, mwaka mmoja hata ndani ya boga ulilolikata na kulifunga tena kwa vijiti. Bibi siku hiyo hakupokea kitu chochote kutoka mkononi mwako. Ukimpa chai anasema, "Weka chini." Ukimpa shali yake mwenyewe, "Weka chini, mzee, mikono ninayo." Sisi tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Mwaka jana ulitutoka, na theluji ikaanguka siku ya sita ya msiba. Hakuna aliyeandika kitu. Tulifagia tu njia ili wageni wasiteleze.

Mwaka huu sasa. Baba harudi tena Desemba, amepata kazi za ndani ya majengo huko Urusi, mjini Yekaterinburg, zile zisizosimama kwa baridi. Mimi niko chuo Khujand. Nyumbani wamebaki Bibi na Mama, watu wawili na vyumba sita. Baba akatuma hita ya umeme, na Bibi hakulifunua shimo. Niliporudi juzi nilimkuta ameketi mbele ya hita hiyo ameikodolea macho kama mtu anayesubiri gari. Mama akaninong'oneza kwamba huwa anakula akiwa amesimama jikoni. Anasema kukaa peke yake kwenye mkeka kunamchosha magoti.

Basi Baba na Shangazi Sayyora wakapatana kwenye simu: Bibi ahamie kwa Shangazi mjini Khujand, ghorofa ya nne, yenye mabomba ya kupasha vyumba joto. Nyumba ifungwe, Mama awafuate baadaye. Bibi hakubishana. Alisema tu, "Theluji ya kwanza ikianguka nitakwenda." Kwa nini mpaka theluji, hakuna aliyemuuliza.

Na theluji imeanguka leo, Babu. Alfajiri, kimyakimya, mpaka ule mti wako wa aprikoti ukainama. Shangazi alikuwa ameshafika tangu jana kwa ajili ya hitima, na amekuja na mabegi mawili makubwa matupu. Niliyaona yamesimama ukutani, zipu wazi, nikajua kesho pilau likishaliwa yatajazwa nguo za Bibi.

Nikaenda kuandika barua.

Niliiandika kwa mtindo wako, maneno yako yaleyale ya kufungulia: "Theluji kutoka kwetu, karamu kutoka kwenu. Uliyeshika karatasi hii umeshikwa. Tunachodai: mtu yeyote asihame nyumba hii mpaka siku arobaini za baridi ziishe, na makaa yawashwe leo hii." Jina la mpokeaji sikuandika, maana ulinifundisha mtu akiona jina lake kwa nje anashtuka. Aliyekusudiwa alikuwa Shangazi. Ukimshika yeye umemshika na Baba, na mpango wao umekwisha. Mama aliniona nakunja karatasi. Alitoka akaenda kufungua komeo la geti, eti anafagia.

Shangazi si mtu wa kuchezewa, wewe unamjua. Ni muuguzi mkuu, anavaa saa juu ya mkono wa sweta. Nilimkuta jikoni anakaanga vitunguu vya kesho. Nikaingiza sauti ya upole, nikasema Shangazi, kuna karatasi ya orodha ya wageni, hebu ishike uitazame. Na yeye hata hakugeuka. Akasema mikono ina mafuta, mpe Bibi yako.

Mpe Bibi yako! Nilikufa pale pale. Bibi alikuwa kwenye kigoda karibu na dirisha, anakata karoti kwa kisu chako kile chembamba. Nikisema hapana, si yake, Shangazi angegeuka na kila kitu kingeharibika. Nikimpa Bibi, atasema weka chini, na Shangazi angesikia neno hilo na kuelewa. Kila upande nimekwama.

Bibi akanitazama. Halafu akatazama nje, kwenye theluji. Halafu akanitazama tena, na mimi najua alijua, Babu. Mtu aliyekwepa miaka arobaini na nane hawezi kukosa kujua. Akaweka kisu chini. Akafuta mkono kwenye aproni, taratibu, kila kidole, akaunyoosha.

"Lete, mke mwenzangu," akasema.

Mimi nikaishikilia karatasi. Nilikuwa nimeganda. Akaivuta kutoka kwenye vidole vyangu, akaishika kifuani, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Kimbia basi. Unasubiri nini?"

Nikakimbia na soksi, Babu. Theluji hadi kwenye vifundo, nikampita Mama na fagio lake, nikatoka nje ya geti, nikasimama barabarani napumua moshi kama treni. Hakuna aliyenifukuza. Nilisimama kidogo nikaanza kulia, sijui kwa nini, labda kwa sababu kila mwaka ulikuwa unanisubiri pale pale, ng'ambo ya barabara, umeshika viatu vyangu.

Niliporudi ndani Bibi alikuwa amevaa miwani anasoma, kidole kinafuata mistari, na Shangazi amesimama mwiko mkononi. Nikaona siri imekwisha. Shangazi akasema hiyo barua ni yake, kila mtu anajua ni yake, huyu mtoto alikuja kwake kwanza, na yeye hakuishika, kwa hiyo hakuna aliyeshikwa.

"Jina lako liko wapi hapa?" Bibi akamuuliza, na kuigeuza karatasi pande zote mbili.

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Imeandikwa uliyeshika. Nani ameshika?"

Shangazi akacheka, kile kicheko chake kifupi cha hospitalini. Akamwambia Mama, wifi, umeona wanavyonifanyia, kumbe mmekula njama, hata wewe na fagio lako. Mama naye akasema yeye amefagia tu, theluji haijifagii. Tulikuwa tunacheka wote sasa. Mimi nilifikiri yamekwisha, tumeshinda.

Ndipo Shangazi akazima jiko. Akageukia ukutani, akatupa mgongo.

"Mnadhani namchukua kwa sababu ya mabomba ya joto?" akasema. "Mimi nikitoka zamu nikafungua mlango, kinachonisalimia ni friji. Inanguruma, inanyamaza. Chumba nimekipaka rangi mwenyewe. Pazia nimeshona. Na mimi nani atakaa na mimi?"

Babu, hatukuwa tumefikiria. Naapa, hakuna aliyewahi kufikiria. Mumewe ana miaka sita kaburini, binti yake kaolewa Dushanbe, na sisi tunamwona ni yule Shangazi wa kuja na kupanga mambo, wa kuleta dawa na kuondoka na basi la saa tisa. Mimi niko Khujand hukohuko, vituo vinne kutoka kwake, na tangu Septemba nimekwenda mara mbili. Mara moja ilikuwa kufua nguo.

Bibi alikunja barua akaitia ndani ya blauzi, akasema tu, "Vua koti, Sayyora. Umelivaa tangu jana." Kweli alikuwa amelivaa.

Alasiri tumelifunua shimo. Majivu yako ya mwaka juzi bado yalikuwemo, Bibi hakuruhusu yazolewe. Mama akaweka makaa juu yake, mimi nikabeba meza, blanketi linanuka nondo na sabuni. Tukaingiza miguu. Shangazi alibaki amesimama, kwa sababu upande uliobaki ni wako, ule wa mbali na mlango, na hakuna aliyesema kaa wala usikae. Mwishowe akaja kujibana kwangu, tumekaa wawili upande mmoja kama watoto wa shule, miguu yake barafu tupu juu ya yangu.

Na sasa nikuambie lile ambalo sikulitegemea. Nilimuuliza Bibi, maana mimi mdomo wangu hauna breki, kwa nini miaka yote ile hakuwahi kukupa raha hata mara moja. Alikuwa anachokoa makaa. Hakuinua uso.

"Angeshinda, mwaka unaofuata angemwandikia mtu mwingine," akasema. "Mimi nilitaka aje kwangu tena."

Kwa hiyo ndiyo hivyo, Babu. Ulikuwa umeshinda tangu mwaka wa kwanza, ila alikuficha.

Bibi habebwi kesho. Atakuwa nyumbani siku zote arobaini, na mabegi ya Shangazi yatarudi kama yalivyokuja. Hilo nilitaka uwe wa kwanza kulijua. Lakini sitakudanganya, nyumba ni kubwa na kimya ni kilekile. Jumapili mimi narudi chuo, Shangazi anarudi zamu, watabaki Bibi na Mama na pande mbili zisizo na mtu. Ninapoandika haya Shangazi amesinzia hapa ubavuni kwangu mdomo wazi, na Bibi ameshamtazama kwa muda mrefu sana, bado hajamjibu. Na Baba hajui lolote. Anafikiri safari ya mama yake imepangwa, kila kitu tayari.

Majirani na jamaa wote, pilau la Babu ni kesho baada ya sala ya adhuhuri, nyumbani kwetu. Karibuni, na mje na soksi nene.

Tunaokukumbuka ni mkeo Hosiyat. Mwanao Saidmurod, aliye mbali. Binti yako Sayyora. Mkweo Mavjuda, ambaye mpaka sasa anasema hakujua lolote kuhusu barua. Na mimi mjukuu wako Mohira. Haipiti siku bila mmoja wetu kukutaja, na hatutaacha kukutaja maadamu tunapumua.

Baba atapiga simu asubuhi, na Bibi kasema ataongea naye mwenyewe. Kesho nitakuja makaburini mapema, kabla ya watu, nikusafishie theluji kwenye jiwe, nikueleze alivyosema Baba, na kama Shangazi amepata jibu lake.