Pasi ya Siku Tatu na Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Septemba

Mke wangu Nafula ametoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda kazini hospitali. Mimi naingia shifti saa tisa mchana. Katikati hapo nabaki na mama yake, nyumba ya vyumba viwili, hapa Burnsville, kando ya Minneapolis. Kama kawaida. Nikisikia mlango wake unafunguka, narukia jikoni. Akisikia kikombe changu kimegonga meza, anarudi ndani. Wiki mbili sasa tunaviziana kama panya wawili wenye shimo moja.

Kwetu Bungoma mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai sebuleni wawili peke yao. Ni heshima. Na kule inawezekana, boma ni pana, kila mtu ana pa kupitia. Hapa heshima imemfungia mama wa watu chumbani. Chai yake naiweka mlangoni, nabisha, natoweka.

Jumanne, 9 Septemba

Mambo yameharibika. Nafula amenipigia akiwa mapumziko, analia. Mama anataka abadilishiwe tiketi ya ndege. Alikuja akae hadi Novemba. Sasa anataka kuondoka wiki ijayo. Sababu hasemi, anasema tu kuku wake watakufa. Kuku gani? Kuku wako kwa dada yake, wanakula kumshinda mwenyewe.

Hadi mama yake alipofika, Nafula alikuwa hajalala naye nyumba moja miaka tisa. Visa ilikataliwa mara mbili kabla ya hii. Mama akienda kwa sababu yangu, mke wangu hatasema neno, na hilo ndilo baya zaidi. Naogopa. Basi.

Jioni Nafula amenipigia tena, amepata dawa: pasi ya watalii. Unalipa mara moja, unaingia makumbusho, mashua ya mtoni, nyumba ya kutazamia samaki, kote Minneapolis na Saint Paul. Anasema Mama ameona kuta tu tangu afike, tumtoe. Wazo zuri, nikakubali haraka. Ndipo akakumbuka kuwa siku yake ya ofu ni Jumapili pekee. Dereva ni mimi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimesoma masharti ya hiyo pasi mara nne. Ukiitumia mara ya kwanza siku zinaanza kwenda, mfululizo, hazimngoji mtu. Ya siku moja ni hasara tupu kwa mtu mwenye shifti saa tisa. Ya siku tatu ina nafuu, lakini mpaka ukimbie: makumbusho asubuhi, mashua kabla ya saa sita, samaki mbiombio. Mama ana miaka sitini na saba. Na miguu yake haijui mbio.

Siku tatu mfululizo. Gari moja. Nikatazama picha za mashua: viti vya wawili wawili, bega kwa bega. Mungu wangu.

Kazini nikamweleza Rehema, Mtanzania tunayefanya naye shifti. Akaniuliza, kwani huyo mama mwenyewe anataka kuona nini? Nikacheka. Nitamuulizaje mtu ambaye sijamtazama usoni hata siku moja? Rehema hakucheka. Akasema kuuliza si ujinga, kaka, akaenda zake kuwagawia wagonjwa dawa.

Sijanunua. Kidole kilikuwa juu ya simu kabisa, nikakiondoa.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo sitaisahau.

Nimeamua kujaribu kwanza bila kununua. Lile duka kubwa kupita kiasi, lile la karibu na uwanja wa ndege, kuingia ni bure. Akifurahia, nanunua pasi ya siku tatu nife nayo. Asipofurahia, yaishe.

Akakaa kiti cha nyuma, pembeni kabisa, mkoba mapajani. Njiani akahisi joto. Akampigia Nafula hospitalini. Nafula akanipigia mimi. Nikafungua dirisha. Tulipofika, mzungu mmoja aliona mama anashuka nyuma, akaniuliza kama niko huru nimpeleke yeye uwanja wa ndege.

Ndani, ngazi za umeme. Mama akatia mguu mmoja, ngazi ikaondoka nao. Wa pili ukabaki chini. Akaanza kuja kinyumenyume. Nyuma yake ni nani? Ni mimi. Sikufikiri. Nimemdaka kwa mikono miwili, nikamkaza kifuani, nikapanda naye hivyo hivyo mpaka juu kama gunia la mahindi. Mama mkwe wangu! Mzima mzima!

Juu nikamweka chini. Nikatazama viatu vyangu. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Nikajua nimemaliza kila kitu, leo leo anapanda ndege.

Nikasikia sauti. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka hadi akatafuta benchi, akaketi, akapangusa macho kwa kitambaa cha kichwa. Kisha akapigapiga nafasi iliyokuwa kando yake.

“Kaa, baba. Ushanibeba, sasa unaogopa benchi?”

Nikakaa. Kwenye ncha, lakini nikakaa. Na kwa kuwa aibu yote ilikuwa imekwisha kule kwenye ngazi, nikamuuliza. Anataka kuona nini huku? Na kwa nini anataka kwenda?

Hataki samaki. Samaki wa kutazama wa nini? Makumbusho hataki. Anataka kupika. Wiki mbili hajashika mwiko, analetewa chai mlangoni kama mgonjwa. Jikoni angeingia, lakini kila akitoka mimi nimo. Na ndiyo sababu ya tiketi: ananiona mimi mwenye nyumba nakula nimesimama jikoni kama askari wa zamu, akajua amenifukuza kwangu. Akaona aibu. Akaona heri aende, mtoto wa watu akae chini ale.

Lo! Na mimi nilikuwa najificha humo kwa ajili yake. Nilitamani kucheka na kulia pamoja. Nikamnunulia maji ya kunywa, ndicho kitu pekee kilichonijia kichwani.

Ijumaa, 12 Septemba

Pasi sinunui. Nimemwambia Nafula wazi, na ya ngazi pia. Kwanza alipiga kelele: umemshika mama yangu wapi? Nikamweleza tena, polepole. Akacheka mpaka akakata simu.

Mama amempigia dada yake nyumbani kuuliza kama nimeleta laana kwa kumshika. Dada yake amesema siku nitakayoenda Bungoma nimpelekee Mama blanketi zito la kufuta kosa, yaishe. Blanketi tu! Nimeshusha pumzi mpaka mabega yakauma. Ya tiketi amemwambia Nafula aachane nayo, kuku wana mwenyewe.

Asubuhi nimempeleka Frogtown, kule Saint Paul, kununua mboga. Amekaa nyuma bado. Lakini dirisha ameniomba mimi mwenyewe.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimetolewa jikoni. Nimekula nimekaa.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisa, kisha nyumbani. Mama amepika ugali na kunde, Nafula kuku. Tumekula watatu mezani. Mama hanitazami usoni, nami simtazami, hiyo itabaki na ni sawa. Nafula alitusukumia mboga mimi na mama yake kwa zamu.

Baada ya chakula Nafula amekwenda kuosha vyombo. Mama ameketi kwenye kochi, amevua viatu, usingizi ukamchukua hapo hapo. Mdomo wazi, anakoroma kidogo. Mimi niko kiti cha pili, naandika haya. Wiki jana ningekuwa nimeshakimbia.

Nimepunguza sauti ya televisheni. Sijaondoka.