Baba Yangu Kahamia Singeli

Jumapili. Mawingu tangu asubuhi, mvua imekataa kushuka, jasho linatoka hata ukiwa umekaa tu.

Leo nimechoka na baba yangu. Nimeiandika hiyo sentensi, nikaifuta, nikairudisha. Ibaki.

Kwa asiyemjua: baba ni mzee wa miaka sabini na kitu, mtu wa Masasi, alikuja Dar kijana akafanya kazi ya stoo kwenye kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kikafungwa. Alitulea Temeke, mie na kaka yangu Hamisi, kwenye vyumba viwili vya kupanga. Mama alipofariki mwaka jana nikamchukua, sasa anaishi kwangu huku Madale, mlimani, ambako mie na mume wangu tulihamia kwa sababu moja tu. Utulivu.

Utulivu, jamani!

Mwezi uliopita alishuka Tegeta kununua dawa ya mchwa, akarudi na spika. Zile nyeusi kubwa zenye taa za rangi rangi. Dawa ya mchwa alisahau. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu inapigwa singeli, muziki wa kasi wa vijana. Asubuhi singeli, mchana singeli. Nikitoka kazini Mikocheni, bodaboda ikifika tu kwenye kona naisikia, na najua inatoka wapi. Nafungua geti namkuta kibarazani, mvi zote zile, msuli kiunoni, kakumbatia spika kama mtoto mchanga, na ndani ya spika kuna kijana anaongea mbio mbio utadhani anakimbizwa na mbwa.

Mume wangu yuko safarini Mbeya. Namwonea wivu.

Angekuwa baba wa mtu mwingine ningecheka mpaka nilale chini. Lakini huyu ndiye aliyeyatengeneza masikio yangu, na hakunishauri kwanza.

Kule Temeke, kila Jumapili baada ya wali, alikuwa anaitoa redio kaseti chumbani, anaiondolea kitambaa alichofuma mama, anaiweka juu ya kiti chake mwenyewe. Yeye anakaa mkekani na sie. Redio ndiyo mgeni rasmi. Halafu inaanza dansi: magitaa matatu, tarumbeta, na mwanaume mzima analalamika taratibu kuhusu shemeji zake. Hakuna kuongea. Ukikohoa unaangaliwa.

"Sikilizeni solo," anasema, kidole juu. "Huyo anauliza. Sasa wa kati anamjibu. Besi hana maneno mengi, lakini akiondoka nyumba inaanguka."

Nje wenzetu wanacheza rede. Sie tunasubiri besi.

Nyumba ile ilikuwa na kila aina ya muziki. Chumba cha mbele taarabu, chumba cha uani kwaya, vijana wa maskani bongo fleva. Baba akizisikia anakunja uso kama kaonja maziwa yaliyochacha. "Kelele," anasema, basi, kesi imekwisha. Siku moja, nikiwa darasa la sita, alinikuta kwa jirani nacheza bongo fleva na wenzangu. Hakunipiga. Alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, ndiyo akasema, "Somoe, masikio ni kama tumbo. Ukiyazoesha makapi, siku ukipewa chakula yatatapika."

Yakazoea chakula chake, na gharama nimelipa mie. Sekondari waliniita Bibi, maana wenzangu wakiimba nyimbo za juzi mie najua za kabla sijazaliwa. Harusini kwangu niling'ang'ania bendi ya wazee wa dansi, nusu ya wageni wakashinda wanatazama simu. Kuna mwanaume mmoja, kabla ya mume wangu, mzuri tu, ana kazi yake, ana adabu, niliachana naye kwa sababu alikuwaga anaupeleka wimbo mbele gitaa halijamaliza kuongea. Najua hiyo siyo sababu ya kumwacha mtu.

Ndiyo sababu yenyewe.

Hata sasa nikikaanga vitunguu nakaanga kwa mwendo wa dansi, taratibu, mpaka wimbo unapochemka ndiyo natia nyanya. Siwezi kuliondoa hili mwilini. Halafu aliyeniwekea amehama chama, hata kwaheri hakuaga!

Leo asubuhi mambo yakafika getini. Mama Glory, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwalimu, mama wa Moshi mwenye heshima zake, aligonga akiwa na nguo za kanisani.

"Jirani, naomba nikuulize kitu na usinichukie," akasema. "Huyo kijana wenu atakaa mpaka lini?"

"Kijana gani?"

"Huyo wa muziki."

Nikamwambia hatuna kijana. Ni baba. Mama Glory akaniangalia kama nimemsingizia mtu.

"Mzee? Huyu mzee ninayempa shikamoo? Ingawa siku hizi hata haitikii. Nikadhani labda nimemkosea."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kabisa. Yaani siyo kelele tu, dharau pia! Nikaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, nikafunga geti, nikaenda kibarazani nikaizima spika mwenyewe.

"Baba, shikamoo haitikiwi siku hizi?"

"Marahaba," akanijibu mie.

"Siyo mie! Mama Glory! Na huu muziki, baba, siyo wewe uliyekuwa unasema ni kelele?"

"Nilisema?"

"Maisha yangu yote!"

Akainua mabega. "Basi watu hubadilika, mwanangu."

Watu hubadilika. Mtu aliyeninyima bongo fleva! Nikaibeba spika, nikaifungia kabatini, ufunguo nikatia mfukoni. Mchana alikula wali vijiko vichache, akashukuru kwa adabu ile ya wageni, akarudi kibarazani akakaa anatazama ukuta wa Mama Glory.

Nikashinda jikoni nabamiza masufuria. Kumkasirikia baba mzazi aliyefiwa ni kazi ngumu, unajikuta unakasirika na unajisuta kwa wakati mmoja.

Jioni nikaamua kusuluhisha. Kwenye simu yangu nimehifadhi zile nyimbo zake, nikachagua ule ambao yeye na mama walikuwaga wanaucheza pale chumbani, katikati ya vitanda, sie tukijifanya tumelala. Nikauunganisha kwenye redio ya sebuleni, nikaiweka kwenye dirisha la kibarazani, sauti ile ile ya Temeke, isiyomsumbua mtu. Nikakaa nyuma yake kwenye ngazi.

Alipoona taa ya redio inawaka, akatabasamu. Akafumba macho. Kidole chake kikaanza kugonga mkono wa kiti, na mie nikasikia hasira yote inanitoka. Nikasema moyoni, kumbe yupo. Kumbe hajahama.

Halafu nikakiangalia kile kidole.

Kilikuwa hakiendi na wimbo. Mwanzo nilidhani anafuata besi. Hapana. Anafuata tarumbeta? Hapana. Wimbo ulipofika pale unapochemka, magitaa yote yakaingia kwa pamoja, pale ambapo mtu yeyote anayeujua anainua hata bega, kidole kikaendelea vile vile, taratibu, kama cha mtu anayesubiri zamu yake hospitali.

Wimbo ukaisha. Redio ikanyamaza.

Kidole kikaendelea kugonga.

"Hilo solo," akasema baba, macho bado kayafumba. "Unalisikia?"

"Baba," nikamwita. Sauti ya kawaida, hatua mbili nyuma yake. Hakugeuka. "Baba." Hakugeuka. Nikainuka nikamgusa bega, akashtuka, akaniangalia mdomoni. Siyo machoni, mdomoni. Sijui ni tangu lini ananiangalia mdomoni nami sikuona.

"Wimbo umeisha, baba."

Hakubisha. Nilitaka abishe.

Nikakaa chini mbele yake, nikamuuliza kwa kupaza sauti, na akanieleza polepole, kama anaeleza habari za mtu mwingine. Gitaa la solo ndilo lililoondoka kwanza. Akadhani kanda zimechoka. Akanunua nyingine, nazo zimechoka. Halafu likaondoka la kati. Sasa akiziweka zile nyimbo anasikia mtu anaimba ndani ya pipa, na pipa limefunikwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mama yako alikuwa anaumwa. Kila tukifika hospitali tunafika kwa ajili yake. Niseme, jamani, na mie gitaa silisikii?"

"Na alipofariki?"

Akatazama pembeni. "Ukanichukua. Nikaona tayari nimekuwa mzigo, nisiongeze na masikio."

Nilikasirika upya, nakwambia kweli. Zile siku zote nilizodhani ananipuuza. TV inayonguruma. Namuuliza utakula ugali, ananijibu jana. Mie nakwenda chumbani namsema kwa mume wangu, mzee kawa mkaidi, na mkaidi mwenyewe kakaa pale anabahatisha maneno yangu kwa kuangalia midomo.

"Sasa singeli inaingiaje hapo?" nikauliza.

Akaweka kiganja kifuani. "Ile inanifikia. Naikumbatia, naisikia hapa. Wanachosema sikijui."

"Bora hukijui, baba."

Akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Nami nikacheka, halafu nikalazimika kwenda kunawa uso.

Nimemrudishia spika yake. Tumekubaliana aipakate kwa sauti ndogo, tumbo na kifua vifanye kazi ya masikio. Nimepita pia kwa Mama Glory nikamweleza kuhusu ile shikamoo. Alishika mdomo, akasema kuanzia leo atamsalimia akiwa mbele yake. Hakusema tena habari ya muziki, ingawa najua ataisema.

Kilichobaki ni hospitali, na hapo tumegombana tena. Kwanza alisema haendi, masikio ni umri. Akasema havai vidude vya masikioni. Akasema Hamisi asijue, nami nikamwambia Hamisi nimeshampigia. Akanuna. Nikanuna. Tukanywa chai hivyo hivyo, kila mtu na upande wake wa kibaraza, mpaka yeye mwenyewe akaweka kikombe chini.

"Na kama hawawezi kuyarudisha?"

Hakusema nini. Masikio, au magitaa. Aliniangalia mdomoni, anasubiri, na ilibidi nitoe jibu ambalo angeweza kulisoma.

"Kesho vaa shati la mikono mirefu," nikamwambia. "Kule hospitali kuna baridi."

Ameshalitoa. Limetundikwa mlangoni kwake, limepigwa pasi.