Saa ya Babu Haijafa

Mpendwa Shangazi Matrida, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu. Binti yangu Rhobi ana miaka saba na likizo alikaa Butiama kwa mama mkwe wangu, akarudi anajua kusoma saa, jamani shangazi, nilirukaruka! Kumbe bibi yake amemfundisha kwa saa ya ukutani aliyoiacha marehemu baba mkwe, na huyo mzee aliitega kwa namna yake, ikiwa saa moja asubuhi mshale mfupi unakaa kwenye moja, siyo kwenye saba kama saa za watu wote, maana alikuwa anasema, "Saa moja ni moja, hiyo saba inatafutaga nini?"

Sasa shule imefunguliwa, mwalimu kachora saa, mshale uko kwenye saba, mwanangu kaandika "saa saba", na picha zote kumi hivyo hivyo, kapata sifuri, wenzake wakamwita Saa Saba mpaka akagoma kula. Nilipandwa na hasira, shangazi. Jumapili tulipotoka kanisani nikampeleka Butiama, mama mkwe alipoingia jikoni na Rhobi nikapanda stuli nikageuza mishale ya ile saa ikawa kama za wengine, nikashuka nikakaa kama sijui kitu.

Mama akaja na ugali, akaangalia ukutani. Ilikuwa saa saba mchana na mshale uko kwenye moja! "Saa moja? Na jua lote hili?" Akaitingisha, kisha akakaa chini akasema, "Mzee alienda, na saa yake sasa imemfuata." Akaiviringisha kwenye kitenge. Hapo Rhobi akalia kwa sauti: "Bibi, nimeiua mimi! Nilisomaga vibaya shuleni!"

Na mimi nikanyamaza, shangazi. Nilinyamaza! Tangu siku hiyo mtoto haangalii saa yoyote, hata ya kanisani anaigeuzia kisogo, na Jumatatu shemeji Machage anaipeleka saa kwa fundi Bunda, na fundi atasema nzima hii, kuna mtu kaichezea, na aliyekuwa sebuleni ni mimi tu. Nifanyeje? Nikairudishe kimyakimya kabla hawajaenda?

Marieta, Nyakato, Musoma

* * *

Marieta wewe! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikacheka mpaka nikashika meza, halafu nilipofika kwa Rhobi kicheko kikakatika. Pole, mama. Hasira ya mzazi naijua. Lakini umemwacha mtoto wa miaka saba abebe msiba ulioutengeneza wewe juu ya stuli, halafu unaniuliza habari za kimyakimya? Koma! Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe kifo chako ni fundi wa Bunda.

Anza na Rhobi, leo hii, kabla hajala. Mwambie, "Saa ya babu haijafa, ni mimi niliigeuza, nisamehe." Usizungushe maneno.

Halafu mletee saa, umfundishe kuvuka. Ndiyo, kuvuka! Si anakijua kivuko cha Kinesi? Unatoka Musoma, unakata maji, unashuka ng'ambo. Mshale mfupi ukiwa kwenye saba, aweke kidole hapo, akate katikati moja kwa moja, atashukia kwenye moja. Saa moja hiyo! Nane atashukia mbili, tisa tatu, na kumi na mbili sita. Mshale mrefu hauvuki, una dakika zake. Nimemjaribu mjukuu wangu asubuhi hii, dakika tano tu akawa ananikimbiza nyumba nzima, "Bibi, nipe ingine!" Sasa huyo wako aliyekwisha kusoma kumi zote bila kukosa, ila hakuvuka tu, atashindwa nini? Mweleze na mwalimu wake hivyo hivyo, ataelewa.

Jumamosi nendeni Butiama wote wawili. Beba sukari, kaa chini karibu na mama mkwe wako, useme kwa mdomo wako. Atakufokea, na ufokewe, umeyataka mwenyewe. Kisha saa irudi ukutani kama mzee alivyoitega. Akili ni nywele, na zake hazikumdhuru mtu. Rhobi mwambie, "Kwa bibi hatuvuki, kwa bibi tumeshafika."

Ila stuli usipande wewe. Mpandishe Rhobi, bibi yake amshike kiuno, aigeuze mishale kwa mkono wake na aseme kwa sauti ni saa ngapi. Mama mkwe akisikia hiyo sauti, Machage hatakuwa na safari ya Bunda.

Gari la saa moja asubuhi lisiwaache. Ukiwa na wasiwasi na saa, muulize mwanao.