Dishi Langu na CD Feki za Jirani

Ufukoni, Jumanne, Juni 2005

Leo tena nimerudi kutoka kazini nikakuta sebule tupu. Televisheni inaongea Kiingereza peke yake, mama yangu yuko kwa jirani.

Na dishi nimelilipia kwa ajili yake! Alipotoka Mahurunga kuja kwangu kupumzika baada ya kuugua, nilisema asikae mpweke nikiwa kazini.

Nikamfuata kwa Mama Zuhura. Amejinyoosha mkekani kati ya wanawake wa mtaa, anatazama tamthilia ileile inayoonyeshwa kwangu, ila kwa CD feki. Picha inakwamakwama, na kuna jamaa amejirekodi juu ya sauti za waigizaji wenyewe, anatafsiri kwa Kiswahili huku akimsuta mume mwongo.

"Mama, hiyo ni ya wizi."

"Wizi gani, mwanangu? Kwako wananipa kipande kimoja kwa wiki, tena sielewi. Nikikuuliza, unasema subiri. Huyu wa kwenye CD haniambii nisubiri."

Wanawake wote wakacheka. Nikakaa kwa hasira, nikijidai nasubiri dakika mbili tu. Tumetoka ilipoadhiniwa magharibi, na sasa najua nani alimwekea bwana harusi sumu. Dishi langu lingenificha hadi mwezi ujao.

Kinachoniuma ni kwamba keshokutwa anarudi kijijini, na siku zake hapa karibu zote amezimalizia kwa jirani.

Tulipofika mlangoni alisimama, akalitazama dishi juu ya bati. Akaniuliza kwa upole kabisa, wala hakuwa anatania:

"Hilo sinia lako, ukilishusha, si linatosha kuanikia muhogo?"