Koti la Kupulizia Dawa

Nkunga, Rungwe
2 Machi 2025

Mume wangu Lusungu,

Na lile ulilonisisitizia pale stendi ya Tukuyu, kwamba nisilie basi likiondoka, nililitimiza. Nililia lilipokwisha kupita kona. Kuhusu kona sikuwa nimeahidi kitu.

Hujambo kipenzi changu? Arusha imekupokeaje? Chakula cha chuoni kinalika, au umeshaanza kuota ndizi za Mama? Huku sote wazima. Mama anakusalimu. Baba yako nasikia kikohozi chake upande wa zizi, kwa hiyo naye ni mzima. Mvua haikatiki, viazi vimestawi, na mke wako amestawi pia isipokuwa upande wa moyo.

Najua utasema tuna simu. Simu ni ya salamu, Lusungu, na huku bondeni mtandao unakuja ukipenda. Tulipendana kwa barua tukiwa kidato cha tatu, na siachi leo kwa sababu tu nimeolewa. Hezron wa basi amekubali kuzibeba mpaka Mbeya na kumpa mwenzake wa basi la Arusha. Ameniuliza kama bahasha ina nini mbona nzito. Nimemwambia ina mume.

Sasa nikwambie siri. Lile koti lako la kupulizia dawa, ulilolivua siku moja kabla ya safari na kulitundika mlangoni, sijalifua. Nimelikunja, nimeliweka kitandani upande wako, na kila ninapolala naliegemeza shavu. Lina harufu yako. Nikifumba macho naona bomba mgongoni na wewe unashuka shambani unapiga mluzi. Kichwa kimekuwa kikiniuma asubuhi siku hizi mbili tatu, na macho yananiwasha. Mama ananitazama kwa tabasamu lile la akina mama wakwe. Mimi nadhani ni upweke tu.

Mzee Yohane wa kikundi cha parachichi alipita jana. Anasema mnunuzi wao hataki tena shamba lililopuliziwa na mtu asiye na kibali, na kikundi kizima kinakusubiri wewe. Baba yako alimsikia, akajibu kule nyuma ya nyumba: "Miaka thelathini nimebeba bomba. Ukungu wa viazi haukuwahi kuniuliza cheti." Mama alicheka. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye migomba na ndoo yangu, kama ilivyo desturi yenu, mke wa mtoto asionane na baba mkwe. Miezi mitatu tangu harusi, na baba mkwe wangu namjua kwa kikohozi na viatu vyake vya mpira tu.

Soma kwa bidii. Urudi na kibali, tujenge kibanda chetu.

Mkeo,
Tulia

*

Arusha
9 Machi 2025

Mke wangu mpenzi Tulia,

Natumaini hujambo, na sasa hivi nauliza kwa kumaanisha, siyo kwa desturi ya barua. Kichwa kinaendeleaje? Macho je?

Barua yako niliipokea Ijumaa nikiwa nje ya darasa. Nikaisoma nimesimama, nikitabasamu mpaka Naseeb akaniuliza kama nimeshinda kitu. Huyu Naseeb ni wa kwetu, baba yake ana duka Bulyaga, na yeye kazi yake ni kupulizia maghala na nyumba za wageni. Kisha nikafika kwenye koti. Tabasamu lile liliondoka lote.

Tulia, harufu ile siyo yangu. Ni dawa ya ukungu na dawa ya wadudu niliyopulizia nyanya siku ile. Asubuhi hiyohiyo mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba dawa hukaa kwenye kitambaa, ikapita kwenye ngozi na kwenye pumzi. Nilikupigia mara saba. Ya nane nikampata Mama, nikamwambia alitoe koti nyumbani kabla hajanisalimu. Alidhani nimerukwa na akili.

Lifue peke yake, katika beseni ambalo halitatumika kwa kitu kingine. Vaa zile glavu nilizoziacha kwenye mfuko, zile ambazo sijawahi kuzivaa. Usilifulie mtoni. Maji yake yamwage kwenye shimo mbali na mto na mbali na kuku. Na kama kichwa hakijaacha, nenda zahanati ukawaeleze habari ya koti, usiwaeleze habari ya upweke.

Hapa ninajifunza mambo ambayo yananitia aibu. Siku ya kwanza mwalimu aliuliza nani huchanganya dawa kwa mkono mtupu. Tuliinua mikono darasa zima, Naseeb akainua miwili. Akauliza tunahifadhi wapi dawa. Mimi kwa kujiamini nikasema darini, juu ya jiko, kwa sababu moshi hufukuza wadudu na watoto hawafiki. Kisha akaandika ubaoni: "Juu ya jiko." Tangu hapo jina langu hapa ni Juu ya Jiko.

Lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Kibali hakitolewi kwa mtihani peke yake. Tunapimwa damu, wameshaichukua, na ndani ya wiki chache afisa kutoka wilayani atakuja Nkunga kukagua mahali ninapohifadhi dawa. Akizikuta juu ya sufuria za Mama, nimekwisha.

Nilimpigia Baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nyumba ni yangu, dari ni langu," akampa Mama simu. Mama anasema mambo ya bomba ni ya Baba, yeye haingilii. Na wewe najua huwezi hata kusimama mbele yake. Kwa hiyo sijui nikuombe nini. Ninakuandikia tu kwa sababu nikikuandikia napumua.

Mumeo akupendaye,
Lusungu

*

Nkunga, Rungwe
17 Machi 2025

Lusungu wangu,

Kichwa kimepona, mume wangu. Siku ya tatu baada ya koti kutoka nyumbani niliamka nikaona dunia nyeupe kama nimefutiwa miwani. Zahanati walinipima, wakaniuliza maswali, wakasema niendelee kulala na mito ya kawaida. Kumbe wiki nzima nilikuwa nakumbatia dawa ya nyanya nikidhani ni mume wangu. Usimwambie Naseeb. Nakujua, umeshamwambia.

Koti nimelifua kama ulivyoagiza. Nilipovaa glavu zile, Mama alikuja kutazama kana kwamba nazalisha ng'ombe. Kesho yake beseni lake la kuoshea mboga lilihamia chumbani kwake.

Sasa sikiliza nilivyofanya, na kama nimekosea uniambie taratibu. Unamjua yule mbuzi mweupe, mwenye pembe moja? Nilimfunga kwenye mgomba karibu na zizi, mahali Baba yako anapokaa kuchonga mipini. Nikampa kisogo Baba yako, kanga kichwani, sikumwangalia wala sikumtaja jina. Nikaongea na mbuzi.

Nikasema, "Mbuzi, mimi ni mgeni hapa, sina neno na mtu. Nina mume, yuko mbali, anasoma ili shamba la watu lisikose mnunuzi. Nililalia koti lake, kichwa kikaniuma wiki nzima. Koti moja tu, mbuzi. Na sisi tunapika chini ya chupa kumi na tatu, nimezihesabu. Atakuja mgeni kutoka wilayani kuzitazama. Akizikuta pale, mume wangu atarudi mikono mitupu, na mimi sitakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu wewe ni mbuzi."

Mbuzi akatafuna. Nyuma yangu kisu cha kuchongea kilikuwa kimenyamaza. Nikaondoka kwa upande wa migomba.

Siku mbili hakikutokea kitu. Siku ya tatu asubuhi nikasikia nyundo. Baba yako alikuwa anapiga mbao kwenye kile kibanda cha zamani cha kuku, kule juu ya mteremko. Jioni niliingia jikoni kuchukua unga, nikainua macho darini. Palikuwa na masizi tu, na duara kumi na tatu safi mahali chupa zilipokuwa zimekaa.

Mama anasema Baba yako ameweka na kufuli kule kibandani.

Nakupenda kuliko jana, na jana ulikuwa umeshanizidi nguvu. Damu yako imesemaje?

Mkeo,
Tulia

*

Arusha
30 Machi 2025

Mke wangu Tulia,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Baba, na kwa mbuzi. Nisamehe kwa kimya cha siku hizi. Nilipopokea barua yako niliisoma mara nne, kisha nikairudisha kwenye bahasha, kwa sababu nyumbani mmefanya sehemu yenu na mimi yangu imekwama.

Majibu ya damu yametoka. Hayako sawa. Daktari amesema siumwi, ila mwili wangu umebeba dawa nyingi kwa miaka mingi, tangu nilipokuwa namchanganyia Baba kwenye ndoo. Sitakiwi kugusa dawa yoyote mpaka nipimwe tena baada ya wiki sita. Mtihani wa karatasi nimefaulu, wa tatu darasani. Lakini mtihani wa vitendo ni wa kubeba bomba, na bomba siruhusiwi kubeba. Wenzangu wanaufanya wiki hii. Naseeb anarudi Bulyaga na cheti chake, na ndiye atakayekuletea barua hii kwa mkono wake. Mpe chai.

Chuo kimeniambia naweza kubaki nisaidie stoo ya vifaa, nipimwe tena, kisha nifanye vitendo na kundi linalofuata. Au nirudi nyumbani bila kibali.

Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ni mke wangu. Nimefikiria kurudi. Nimefikiria kuchukua bomba la Baba na kuendelea na viazi vya majirani kama zamani, kikundi cha parachichi kimtafute mwingine. Ninakukumbuka mpaka chakula hakina ladha. Miezi mitatu ya ndoa, kisha mmoja wa kutazama kitanda cha chuma.

Niambie nifanye nini. Utakalosema nitalifanya.

Mumeo,
Lusungu

*

Nkunga, Rungwe
6 Aprili 2025

Mume wangu, Juu ya Jiko wangu,

Naseeb amefika, amekunywa chai vikombe vitatu, na jina lako jipya sasa linajulikana kijiji kizima. Kwa hiyo hata ukirudi leo hutakuwa na amani. Baki huko.

Baki, Lusungu. Nilipokuwa nalala na lile koti nilidhani ninakushika wewe, kumbe nilikuwa nashika kile kinachokuumiza. Sitaki kukushika hivyo tena. Mzee Yohane nimeshamweleza. Amesema kikundi kitasubiri kundi linalofuata, kwani na wao wanataka mtu atakayedumu.

Afisa alikuja Alhamisi. Nilichungulia kwenye tundu la ukuta wa jiko. Baba yako alitoka amevaa viatu vya mpira na glavu zako, Lusungu, kubwa nyeupe, akamfungulia kufuli. Chupa zimepangwa, lebo zinatazama mbele, na zile mbili zisizo na lebo zilikuwa zimetengwa kwenye ndoo. Afisa akauliza nani amempangia. Baba yako akasema, "Mbuzi." Afisa aliandika kitu, sijui kama ni hicho. Ila stoo imepita.

Kabla hajaondoka alimsomea Baba yako barua ya chuo, ile inayoeleza kwa nini kibali chako kimechelewa. Baba yako alisikiliza akiwa ameshika kikombe. Unakumbuka kikombe chake hugonga kisahani kila siku, tukasema ni uzee? Siku hiyo kiligonga, akakitazama muda mrefu.

Jana asubuhi nilikuwa nachuma mboga nyuma ya migomba. Nikasikia kikohozi, nikajikunja. Hakupita. Akasimama upande wa pili wa migomba, akaongea na yule mbuzi wa pembe moja.

Akasema, "Wewe mbuzi. Mtoto wangu nilimfundisha kuchanganya dawa kwa mkono, akiwa mdogo hajafika kifuani kwangu. Nilimfundisha nilichokijua. Muulize aliyeolewa naye, kule Arusha, damu ya mzee nayo hupimwa?"

Nikamjibu mbuzi kwamba hupimwa, na kwamba nami natamani kuja huko kukuona.

Kisha akasema, "Ndaga, mbuzi, asante. Basi huyo mwali asisafiri peke yake."

Kwa hiyo pika chai ya watu watatu na utafute mahali pa kulala wageni wasiotakiwa kuonana. Tunakuja. Hezron ametutengea viti. Baba yako atakaa mbele kabisa nyuma ya dereva, mimi nyuma kabisa na kanga usoni, na Mama katikati wa kupokezana maneno, kwa sababu mbuzi hawamruhusu kwenye basi. Kabla mwezi huu wa Aprili haujaisha, Lusungu, nitashuka mlango wa nyuma, na wewe usikimbilie kwangu kwanza. Mpokee mzee, mshike mkono. Mimi nitangoja zamu yangu.

Mkeo,
Tulia