Herufi Zilezile

Jumatatu, 3 Machi
Wewe uliyefungua ukurasa huu, nakusihi: usimsomee mtu, usimnong'oneze hata wa chumbani mwako. Kuna roho ya mtu humu.

Mimi ni karani wa masjala, chumba cha mafaili, katika ofisi ya kuficha mashahidi. Dada yangu ni mmoja wao—alimwona aliyempiga risasi mhasibu wa kazini kwao. Yuko wapi, sijui. Mama amepewa namba ya faili tu, ya kumtumia salamu.

Mtaa wa kila shahidi husimbwa na programu ya mtandao kabla ya kutumwa kwa walinzi kila wiki: linaingia jina, zinatoka herufi za ovyo. Leo nimeona mbele ya namba ya dada herufi ni zilezile za wiki jana. Na za wiki juzi. Zilitakiwa zibadilike kila mara.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu. Nikaandika jina la mtaa, nikalisimba, nikalinganisha. Siyo. Mwingine. Siyo. Nilianza na mitaa yenye hospitali, maana dada ana pumu. Kabla ya chakula cha mchana herufi zikafanana.

Sikuvunja kufuli lolote. Nimebahatisha tu. Mtaa wenyewe siuandiki hapa.

Jumatano, 5 Machi
Nimemweleza Mkuu wa masjala, kwa mtaa wa mfano. Dada sikumtaja. Akacheka: mdogo wangu, unaona majini kwenye kompyuta. Kisha akaniomba nirudie, polepole. Nisimsumbue fundi wa mtandao, yeye mwenyewe atamwambia.

Nimetoka nimepumua.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi hajaambiwa kitu. "Mkuu? Huyo hata salamu hanipi, bwana." Akanigeuzia kioo cha kompyuta yake. "Ila nyie masjala mna mchezo gani? Kutwa mnasimba majina ya mitaa."

Majaribio ya tangu jana yametoka kwenye kompyuta ya Mkuu. Anafuata alfabeti. Namjua, anachapa kwa vidole viwili. Amefika D.

Nimemfundisha mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti cha Mkuu kitupu. Koti halipo.

Fundi anatabasamu. Jana jioni Mkuu alimpitia, akamwita "ndugu yangu", akaomba kuona majaribio yangu ya Jumanne. Yote. Fundi akampa.

Yote—na la mwisho, ambalo ndilo mtaa wa dada. Mtu akishapata, haendelei kutafuta.

Walinzi wa mashahidi hupatikana kwa simu iliyo ndani ya droo ya Mkuu tu, nayo imefungwa. Nakwenda kwa dada mwenyewe.

Mama, nakuachia haya ndani ya pipa la unga. Usinipigie, simu yangu nimeizima. Usitumie ujumbe, hata kwa ile programu yenye picha ya kufuli. Kesho asubuhi kaa kwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini, nitapiga simu yake. Nikikohoa kwanza, kama dada anavyokohoa, tuko wote. Nikianza na shikamoo moja kwa moja, Mama, usiitikie. Kata. Nyumbani usipande tena, hata kuchukua—