Nywele Hizi Zilikuwa Zinamngoja Baba

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako maana jambo hili limenilemea na hapa chuoni sina mtu mzima wa kumweleza. Mimi ni kijana wa mwaka wa kwanza, wa kwanza nyumbani kwetu kufika chuo, na baba yangu alikuwa kinyozi, na tangu nizaliwe hakuna mkono mwingine uliowahi kuninyoa, hata siku ya kuondoka aliniketisha kwenye kiti chake cha kuzunguka, akaninyoa taratibu kuliko kawaida, akasema, "Huko usiwape vinyozi wa mjini hicho kichwa wakakiharibu. Rudi na kichaka chako, nitakifyeka mwenyewe." Tukacheka.

Basi nikalishika neno lake. Chuo kilinishinda mwanzoni, sikufichi, darasani tuko wengi mpaka mwalimu anasemea kwenye kipaza sauti na hajui kama upo au haupo, chumbani tuko wanne na wenzangu watatu walikuja wakijuana, nikawa nakula peke yangu kwenye ngazi, na kilichonipa marafiki ni hizi nywele, zilivyoota wakaanza kunitania, wakaniita Kichaka, nami nikawa nawajibu mwenye mashine ni baba, subirini. Kila Jumapili nilipiga simu nyumbani. Mitihani ilipokaribia baba akawa hapatikani, mara mama anasema ana wateja, mara amelala, mara kaenda kununua wembe, na Jumapili ya mwisho mama akaniambia, "Baba yako anasema soma kwa bidii, nywele zako anazisubiri."

Nikamaliza mitihani, nikapanda basi, na niliposhuka sikwenda nyumbani, nilinyoosha hadi kibandani kwake ili anione acheke. Nikakuta kijana anauza makava ya simu. Kioo cha baba bado kiko ukutani. Yule kijana akaniangalia kichwani, akaweka chini alichoshika, akasema, "Wewe ndiye yule wa chuo? Pole sana, ndugu yangu, mzee alikuwa mtu wa watu."

Presha ilikuwa imemuua baba na walikuwa wamekwisha kumzika, na mtaa mzima unajua, hata mdogo wangu anayesoma shule ya msingi anajua, wote wamekatazwa kuniambia nisije nikaacha mitihani. Baba mdogo anasema baba mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo akiwa hospitali, lakini aliyenidanganya kwa mdomo wake ni mama, mshauri, alinipa salamu za maiti. Sikukaa, nilirudi chuoni haraka, sipokei simu zake, matokeo yametoka nimefaulu na naona haya kufaulu, na wenzangu bado wananiuliza, "Kichaka vipi, baba kauza mashine?" Sijamwambia yeyote. Sasa likizo ndefu inakuja, na mmoja wao amenikaribisha kwao. Nikikata mguu nyumbani kabisa, nitakuwa nimekosea?

Kichaka, mwaka wa kwanza

Mwanangu Kichaka,

Pole, pole sana. Barua yako nilipofika kwenye kile kioo ukutani, niliiweka mezani kwanza.

Walikukosea. Nalisema waziwazi kwa sababu wengi watakwambia walifanya kwa wema, na wema huo umekunyima kumzika baba yako. Mtihani hurudiwa, mazishi hayarudiwi. Na nyinyi wazazi mnaosoma hapa mlisikie hilo.

Sasa na wewe nisikilize. Hilo neno "salamu za maiti" usilirudie tena mbele ya mtu. Umesema mwenyewe agizo lilikuwa la baba. Hasira yako ni ya baba, ila kwa kuwa aliyekufa hanuniwi, umemnunia aliye hai. Hebu fikiria zile Jumapili upande wa pili wa simu. Mwanamke ametoka kumzika mumewe, simu inalia, ni wewe, unachekacheka, unamwuliza baba yuko wapi. Anameza kilio, anatengeneza sauti, anakwambia kaenda kununua wembe. Akishakata simu, unadhani alilia na nani? Mtoto wake mkubwa, ambaye angemwegemea, ndiye aliyekuwa anafichwa. Halafu mtoto mwenyewe akaja, akageuza. Mume amekufa kweli, na wewe unajifanya umekufa. Hasira hasara, mwanangu.

Na kufaulu kusikutie haya. Ndicho kitu cha mwisho alichokuagiza baba yako, na umekifikisha.

Fanya hivi. Leo waambie wenzako wa chumbani. Wanakutania kwa kutojua, na akitokea wa kucheka baada ya kuambiwa, niandikie nije mwenyewe. Kisha mpigie mama umwambie siku utakayofika, basi, usianze kesi kwenye simu. Swali lako la "kwa nini" utamwuliza uso kwa uso, na una haki nalo, hata ukiliuliza kwa kulia. Kwa rafiki yako utakwenda likizo nyingine. Nenda kaburini, wewe na mama na mdogo wako.

Bado nywele. Kinyozi wa mjini usimpe, ulishakatazwa, wala usizifuge ukimngoja asiyerudi. Uliza mashine ya baba iko wapi; kibanda kimekwenda, lakini sidhani kama mama ameweza kuiuza. Toa kiti uani, kaa, mpe mama aishike. Atasema hajui kunyoa. Ni kweli hajui. Atakuachia mabaka, sikio ataligonga, na hapo ndipo mtakapolia wote wawili kilio mlichofichana. Tulia hivyohivyo mpaka amalize.

Kisha rudi chuoni na mabaka yako. Wakikuuliza ni kinyozi gani aliyekuharibu namna hiyo, waambie ni mama yako.